Shibolethi kwenye Mto Ruzizi

Masomo ya kusoma kwanza: Waamuzi 12:1-6, Matendo ya Mitume 6:1-7, Matendo ya Mitume 22:24-29



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi wetu hulizungumza jikoni kwa sauti ya chini, na likikaribia mlango wa kanisa tunaanzisha wimbo ili lipite. Ni jambo la mtu kunyimwa haki yake kwa ajili ya rangi, ukoo au kabila. Wengine watasema hiyo ni siasa, shemasi aiache. Basi tuone kama Biblia imeiacha.

Fungueni Waamuzi 12. Waefraimu na Wagileadi hawakuwa mataifa mawili. Efraimu alikuwa mwana wa Yusufu, na Gileadi alikuwa mjukuu wa Manase, ndugu yake Efraimu, tumbo moja. (Na mama yao, tukumbuke, alikuwa Mmisri: Mwanzo 41:50-52.) Wote wana wa Israeli, wote wanamwita Mungu mmoja. Ugomvi ulianza kwa jambo la vita, wengine wakilalamika kwamba hawakuitwa. Lakini kabla ya kukimbilia mstari wa 6 ambao kila mtu anaujua, simameni kwenye mstari wa 4. Hapo Waefraimu waliwatukana Wagileadi kwamba si watu wa nchi, ni wakimbizi tu waliokaa katikati ya Efraimu na Manase. Mwandishi analitaja tusi hilo kuwa sababu ya Wagileadi kupiga.

Wagileadi wakashinda, wakashika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliulizwa, Wewe ni Mwefraimu? Akikana, aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Ni neno la kawaida tu, mkulima yeyote analo mdomoni, maana yake suke la nafaka. Ulimi wa Mwefraimu haukuweza sauti ile ya kwanza, akasema Sibolethi, akachinjwa palepale kivukoni. Walikufa watu 42,000.

Sasa angalieni mstari wa 5. Wale Waefraimu wanaokimbia kuelekea mtoni wanaitwa kwa neno lilelile walilowatupia wenzao katika mstari wa 4. Aliyemwita jirani yake mkimbizi amekuwa mkimbizi mwenyewe. Na aliyetukanwa hakujifunza huruma kutokana na lile tusi, alijifunza kushika kivuko. Mtu wa Uvira akisoma mistari hii miwili, haitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Mulenge ni kijiji cha milimani katika teritwari ya Uvira, ndani ya usultani wa Bafuliiru. Kutoka hapo wafugaji wa milima ile walichukua jina la Banyamulenge, jina lililoenea sana katika miaka ya 1970. Wao wenyewe walikuwako kabla ya jina, tangu karne ya 19, Mbelgiji akiwa bado hajafika. Walikaa kati ya Bafuliiru, Bavira na Babembe, wakitoa ng'ombe kwa mwami na kubadilishana maziwa kwa maharagwe. Walishirikiana na waligombana pia, tusidanganyane. Maasi ya Simba ya mwaka 1964 na miaka iliyofuata yaliongeza uchungu mwingi kati yao na majirani, na mkoloni alikuwa amekwisha kuwaachia wote fumbo la kutegua: nani ana mwami na ardhi, nani hana.

Halafu sheria zikapanda na kushuka kama maji ya ziwa letu. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwahesabu kuwa raia wale wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Ile ya tarehe 29 Juni 1981 ikaifuta hiyo, ikataka mtu aonyeshe kwamba babu zake walikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire likapitisha azimio la kuwatendea kama wakimbizi wanaopaswa kurudishwa. Na mwanzoni mwa Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini akawapa Banyamulenge juma moja waondoke nchini. Huo ndio mstari wa 4, umesemwa kwa lugha ya ofisi.

Mstari wa 5 na wa 6 haukukawia. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita vya AFDL vikianza, wagonjwa waliuawa vitandani mwao katika hospitali ya Lemera. Mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola na askari wa RCD, wengi wao Babembe. Tarehe 13 Agosti 2004, usiku, zaidi ya watu 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba, baada ya kuvuka Ruzizi wakitafuta usalama. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa Mutarule, wengi wao Bafuliiru, na wengine walikuwa ndani ya kanisa. Naacha Bibokoboko iliyochomwa Oktoba 2021, na vijiji vingi vya milimani ambavyo kila upande unavikumbuka. Kila kabila linaijua hesabu ya wafu wake kwa moyo. Hesabu ya jirani linaisikia kama uvumi.

Nataka tukae kidogo kwenye ile tarehe ya 1 Agosti 1885, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Mwaka 1885 ni mwaka ambao wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin, na Leopold wa Pili akatangaza nchi hii kuwa dola yake. Hapakuwa na Mfuliiru Berlin. Hapakuwa na Mvira, wala Mbembe, wala Munyamulenge. Hakuna hata mmoja wa mababu zetu aliyeulizwa. Hata mpaka wa Ruzizi, Wabelgiji na Wajerumani waliukubaliana kati yao mwaka 1910. Miaka mia baadaye Mwafrika anampima Mwafrika mwenzake kwa rula hiyo: ulikuwa wapi siku Leopold alipoichukua nchi? Tunaimba kwamba tumekombolewa, na bado tunatembea na daftari la mzungu mkononi tukiita majina.

Daftari hilo lina ukurasa mwingine. Mwaka 1858 wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mtumbwi, wakitafuta chanzo cha Nili. Huyo Speke alitoa kitabu mwaka 1863, akaandika kwamba wafalme wafugaji wa nchi za maziwa walitoka Uhabeshi, kwamba ni watu wa uzao mwingine. Hakuwa na ushahidi zaidi ya macho yake na kiburi cha wakati wake: alipoona ufalme uliopangwa vizuri, hakuweza kuamini kwamba mtu mweusi aliupanga mwenyewe. Wamisionari na maofisa wa Ubelgiji wakaliokota neno hilo, wakalipamba kwa habari za Hamu mwana wa Nuhu, wakapima pua na vichwa, na Rwanda katika miaka ya 1930 wakaliandika ndani ya vitambulisho. Leo mtu amesimama kwenye bariera anasema, Sisi ni Wabantu, wale ni Wanailoti. Hajui kwamba anamnukuu Speke.

Hayo maneno mawili ni majina ya jamii za lugha. Na lugha wanayosema Banyamulenge ni lugha ya Kibantu, sawa na Kifuliiru, Kivira na Kibembe. Kuhusu Hamu, kila mtu aende mwenyewe kwenye Mwanzo 9:25 aangalie ni nani aliyelaaniwa pale. Ni Kanaani. Hamu hakulaaniwa, na Kushi hakulaaniwa. Wazungu waliitumia aya hiyo kwanza kumfanya mweusi mtumwa, halafu wakaigeuza kumfanya mweusi mmoja bwana wa mweusi mwingine. Waamini wa makanisa ya kinabii hatuna udhuru wa kuimeza mara ya tatu.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tunajua kilichompata Nabii Simon Kimbangu. Alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na kabla ya mwaka kwisha mahakama ya kijeshi ya Thysville ilikuwa imemhukumu viboko 120 na kifo, bila wakili wa kumtetea. Mfalme wa Ubelgiji akabadili kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akafa gerezani Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Wafuasi wake walihamishwa kwa maelfu kutoka vijiji vyao. Kosa lilikuwa nini? Kwamba mtu mweusi amehubiri bila kibali cha mweupe. Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa zima. Ni vizuri. Lakini mtu anayeshangilia siku hiyo na jioni anamwambia jirani yake arudi kwao, amesherehekea nini?

Wengine miongoni mwenu mna watoto Marekani. Walitoka Uvira, Fizi na milimani, wakapita kambi za Burundi, Tanzania na Malawi, wakapelekwa huko. Wanaandika kwamba kule hakuna anayeuliza kama wewe ni Mbembe au Munyamulenge. Ni kweli, na si kwa sababu ubaguzi umekwisha. Huko bariera ni ya rangi, na mbele yake wote ni weusi tu. Tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, kijana wa miaka 26, mkimbizi kutoka Kongo, alisimamishwa na polisi kwa jambo la namba ya gari, wakashindana, akapigwa risasi ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Baba yake alilia mbele ya waandishi wa habari kwa Kiswahili hiki chetu. Mei 2025 wasikilizaji wa kesi walishindwa kuafikiana, na mwendesha mashtaka akaiacha. Ilikuwa tarehe 4 Aprili, siku ileile aliyouawa mchungaji Martin Luther King mwaka 1968.

Mapambano ya weusi wa Marekani yanatufundisha jambo kuhusu sheria. Uraia wao uliandikwa katika katiba mwaka 1868. Ilichukua karibu miaka 100 mpaka sheria za 1964 na 1965 zilipolazimisha kwamba kilichoandikwa kitendeke dukani, shuleni na kwenye sanduku la kura. Katikati ya miaka hiyo watu walitembea. Montgomery, kuanzia Desemba 1955, walikataa mabasi kwa siku 381, wakaenda kazini kwa miguu, na mikutano yao ilikuwa makanisani. Karatasi peke yake haikumsaidia mtu.

Sisi pia tuna karatasi. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema kwamba ni Mkongomani kwa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi hii siku ya uhuru. Katiba ya 2006 imelirudia hilo katika kifungu cha 10, na kifungu cha 13 kinakataza kubagua Mkongomani kwa ajili ya kabila lake. Ni maneno mazuri. Lakini karatasi haisimami barabarani. Septemba 2025 mji wa Uvira ulifungwa kwa siku kadhaa kwa kumkataa jenerali wa jeshi la taifa, Munyamulenge. Wengine walitoa sababu za vita, na sababu za vita zina mahakama yake. Lakini kilichosikika sana barabarani kilikuwa kabila lake. Miezi mitatu baadaye, Desemba 2025, AFC/M23 wakaingia Uvira, na makumi ya maelfu ya Bafuliiru, Bavira na Babembe wakavuka Ruzizi na mabunda kichwani, kwa njia ileile waliyopita watu wa Gatumba mwaka 2004. Rudini tena kwenye mstari wa 5.

Basi haki ya mtu itasimama juu ya nini, ikiwa kivuko kinabadilisha wenye kukishika? Tumsikilize Paulo. Katika Matendo 22 wamekwisha kumfunga kwa kamba ili apigwe, naye anauliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Jemadari anasema yeye mwenyewe alinunua uraia wake kwa mali nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye amezaliwa nao. Wako wahubiri wanaofundisha kwamba Mkristo asidai haki yake, avumilie tu. Paulo alidai. Filipi alidai hata baada ya kufunguliwa, akakataa kutolewa kwa siri (Matendo 16:37). Kwa hiyo Munyamulenge anayesema mimi ni Mkongomani, nimezaliwa hapa, hatendi dhambi wala hachokozi mtu. Na Mfuliiru anayesema ardhi ya babu yangu isichukuliwe kwa bunduki, naye hatendi dhambi. Lakini Paulo alidai kwa kinywa, mbele ya sheria. Hakuita jeshi la kabila la Benyamini lije limfungue. Hapa nawaambia vijana wote waliobeba silaha kwa jina la kabila, milimani na uwandani, majina ya vikundi vyao mnayajua kuliko mimi: haki iliyoletwa na bunduki ya kabila inaondoka siku bunduki hiyo inaondoka, na wanaobaki kulipa ni mama zenu.

Najua swali linalokuja. Ndugu mmoja ataniambia, Wao ndio walioleta vita, wao ndio waliomuua kaka yangu. Kama kuna aliyeua, ana jina, na atafutwe kwa jina lake, afikishwe mbele ya hakimu, awe wa kabila gani. Ezekieli 18 yote imeandikwa kwa ajili ya jambo hili. Familia za Makobola na za Gatumba bado zinangoja hukumu, na kanisa linaloziambia zisamehe bila kuwadai wakubwa hukumu hiyo linaziongezea mzigo.

Tumalizie na Matendo 6, ambayo inatugusa sisi mashemasi. Kanisa la Yerusalemu bado bichi, na tayari wajane wenye kusema Kiyunani wanasahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku. Wajane wa Kiebrania wanapata. Hakuna aliyesema kwamba ni mpango. Labda aliyegawa alianza tu na wale anaowajua, wenye lugha yake. Ubaguzi mwingi wa kanisani huingia hivyo, bila chuki, kupitia mkono unaoandika orodha. Mitume hawakuwaambia wale wajane wavumilie, wala hawakusema mambo ya kabila yasitajwe kanisani. Waliita mkutano. Sasa someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia ambaye hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa. Yote ni majina ya Kiyunani! Wengi waliwakabidhi ufunguo wa ghala watu wa upande uliolalamika. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara linanishangaza, maana sisi tungefanya tume, nusu kwa nusu, na kila nusu ingechunga nusu yake.

Hebu tulilete kwenye parokia zetu. Msaada ukifika, unga, mahindi, mablanketi, orodha huandikwa na shemasi na mara nyingi shemasi ni wa kabila lenye watu wengi mahali pale. Ninapendekeza kwa wazee wa kanisa jambo moja: orodha ya wajane na wakimbizi isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kugawa, na mwenye kuishika awe mtu wa kabila lililo dogo katika parokia hiyo. Milimani kwenye Banyamulenge wengi, aishike Mfuliiru, Mnyindu au Mbembe. Mjini, aishike Munyamulenge akiwapo, au mkimbizi Murundi. Litaleta manung'uniko. Yerusalemu pia manung'uniko yalikuwapo, na mstari wa 7 unaeleza kilichofuata.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Tusi la Waamuzi 12:4, kijijini kwenu linasemwa kwa neno gani, na kanisani linapotajwa nani hucheka?

2. Vijana wa kabila lako wakiweka bariera na kuanza kutafuta watu wa kabila fulani, parokia itamtuma nani kwao, na ataenda kabla ya saa ngapi?

3. Je, kikundi chenu kiko tayari kusali kwa majina ya Makobola tarehe 30 Desemba, ya Mutarule tarehe 6 Juni na ya Gatumba tarehe 13 Agosti, ibada moja kwa wote? Kama sivyo, ni jina gani linalowazuia?

4. Nani anaandika orodha katika parokia yenu sasa, na alichaguliwa na nani?

Majibu ya swali la nne yaletwe kwa maandishi kwa ofisi ya mashemasi. Somo la mwezi ujao: Ruthu 1 na 2.